Kupokelewa Si Kukamilika: Safari ya Ujumbe wa Simu Hadi Kwenye Daftari la Blokicheni

Maandishi kamili ya mazungumzo kwa wakazi wa Kibomet, Kaunti ya Trans Nzoia



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mtu aliyewahi kuwa katika chama anajua maana ya maneno hayo. Mwaka mzima watu wanachanga vizuri, wanakunywa chai pamoja na kuombeana heri. Siku ya mgao inapofika, mmoja anasema alilipa mwezi wa nne, na mweka hazina anasema hakulipa. Kitabu kinafunguliwa, na ukurasa wa mwezi wa nne una wino uliofutwa. Hapo urafiki wa miaka kumi unakwisha kwa sababu ya shilingi 500.

Siku hizi wako watu wanaozunguka masokoni wakisema kwamba dawa ya ugomvi huo imepatikana, nayo inaitwa blokicheni. Wengine wanasema kweli na wengine wanatafuta pesa za watu. Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo wauzaji hao hawalitaji mara nyingi, nalo ni njia ambayo ujumbe hupitia kutoka kwenye simu ya mwananchi mpaka kwenye daftari hilo. Daftari linaweza kuwa imara kama jiwe, lakini ikiwa njia ni mbovu, pesa za mama mboga zitapotelea njiani.

Daftari lenye nakala nyingi

Blokicheni ni daftari. Tofauti yake na kitabu cha mweka hazina ni mambo mawili. Kwanza, haliko mikononi mwa mtu mmoja. Kompyuta nyingi zina nakala yake, na kila nakala ni sawa na nyingine. Pili, kumbukumbu huandikwa kwa mafungu yanayoitwa vitalu, na kila kitalu hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na kitalu kilichotangulia. Mtu akibadilisha tarakimu moja katika ukurasa wa zamani, alama za kurasa zote zinazofuata zinakataa kulingana, na wenye nakala nyingine wanaona.

Daftari la kwanza la aina hiyo kutumika duniani ni la Bitcoin, lililoanza Januari 2009. Mwaka 2015 likaja la Ethereum, ambalo ndani yake watu wanaweza kuandika masharti yanayojitekeleza, kwa mfano kwamba mtu hawezi kutuma zaidi ya alicho nacho.

M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, si blokicheni. Katika M-Pesa daftari ni moja na linatunzwa na kampuni moja. Hilo si kosa. Mkenya anaiamini kwa sababu kila akituma pesa hupata ujumbe wenye nambari ya kumbukumbu, na ujumbe huo haumdanganyi. Imani hiyo ilijengwa na ujumbe kabla ya kujengwa na daftari, na yeyote anayetaka kuleta blokicheni kijijini lazima afikie kiwango hicho.

Mfano kutoka Mombasa

Mfano wa kweli uko hapa hapa Kenya. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh ulioko Mikindani, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Wazo lilikuwa rahisi. Muuza mboga ana mboga lakini hana shilingi leo. Fundi wa cherehani ana muda lakini hana mteja mwenye shilingi. Wote wakikubali vocha ya pamoja, biashara inaendelea hata siku ambayo shilingi zimeadimika. Mwanzilishi, Will Ruddick, na baadhi ya wanachama walikamatwa mwaka huo kwa kudhaniwa kwamba wanachapisha pesa. Mashtaka yaliondolewa baadaye mwaka huohuo.

Karatasi ilikuwa na shida zake. Inachakaa, inaweza kuigwa, na ni vigumu kujua ngapi ziko mkononi mwa nani. Kuanzia mwaka 2018 shirika la Grassroots Economics lilihamishia vocha hizo kwenye blokicheni, na mtandao wake ukaitwa Sarafu. Wakati wa janga la korona, kwa ushirikiano na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, mtandao huo ulikua haraka. Kumbukumbu zake za kati ya Januari 2020 na Juni 2021, zilizotolewa kwa watafiti bila majina ya watu, zinaonyesha akaunti zipatazo 40,000 na miamala zaidi ya 400,000.

Wengi wa watumiaji hao hawakuwa na simu janja. Walikuwa na simu ya kubofya, ile ya mulika mwizi. Walibonyeza nyota, tarakimu na reli, kama mtu anayeangalia salio. Simu hiyo haijui blokicheni ni nini. Haiwezi kutunza ufunguo wa siri, wala kutia saini ya kidijitali, wala kusoma vitalu. Kwa hiyo ilibidi wahandisi wajenge kitu katikati, kitakachopokea maneno ya simu ya kubofya na kuyageuza kuwa lugha ya daftari. Kitu hicho ndicho huduma ya kuchakata ujumbe.

Kila idara na kazi yake

Mkulima wa Trans Nzoia aliyewahi kupeleka mahindi kwenye ghala la bodi ya nafaka ataelewa haraka jinsi huduma hiyo inavyojengwa. Langoni kuna mtu anayepokea lori na kuandika nambari yake. Mbele kuna anayepima unyevu, kwa sababu mahindi yakizidi asilimia 13.5 hayapokelewi. Kisha kuna mizani, halafu wapakuaji, halafu karani wa malipo. Mpima unyevu hashiki pesa, na karani hapakui magunia. Kifaa cha unyevu kikiharibika, kinabadilishwa bila kubomoa ghala lote.

Wahandisi wa Sarafu walifuata njia hiyo. Badala ya programu moja kubwa waliandika programu ndogo nyingi, kila moja na kazi yake, na msimbo wake wakauweka wazi ili yeyote ausome. Programu iliyoitwa cic-ussd ilikaa langoni, ikizungumza na simu na kuonyesha menyu. Nyingine, cic-notify, ilipeleka SMS za kumjulisha mtu. Cic-meta ilitunza maelezo ya mtumiaji, kama jina na aina ya biashara. Cic-cache ilitunza orodha ya miamala iliyokwisha ili isomwe haraka. Cic-eth ndiyo iliyosimama mbele ya daftari lenyewe, ikipanga foleni, ikitia saini na kutuma.

Faida ya kugawa kazi hivyo huonekana mtandao unapohama. Mwaka 2020 Sarafu ilikuwa kwenye blokicheni inayoitwa xDai, na miaka michache baadaye ikawa kwenye Celo. Kuhama daftari ni kazi nzito, lakini katika mfumo wa idara zilizotengana, lango la simu na idara ya SMS hazihitaji kuandikwa upya ili muuza mboga aendelee kubonyeza vitufe.

Foleni, saini na nambari

Sasa tuseme mama mboga wa Kibomet anataka kumlipa mwenye posho mill vocha 200. Anabonyeza nambari ya mpokeaji, kiasi, na nambari yake ya siri. Kuanzia hapo ujumbe wake unapita hatua kadhaa.

Kwanza unakaguliwa. Je, nambari ya siri ni sahihi? Je, mpokeaji yupo? Je, salio linatosha? Hatua hii ni kama kipimo cha unyevu. Kisichofaa kinarudishwa langoni, kabla hakijachafua ghala.

Pili unaingia kwenye foleni. Hapa ndipo wajenzi wengi wasio na uzoefu hukosea. Wanadhani kompyuta inaweza kufanya kazi papo hapo na kumjibu mtu. Lakini siku ya soko watu mia wanaweza kutuma kwa dakika moja, na daftari lina mwendo wake. Ethereum, kwa mfano, huongeza kitalu kimoja kila baada ya sekunde 12 hivi. Menyu ya simu ya kubofya nayo haingojei muda mrefu, na ikikaa kimya hukatika yenyewe. Kwa hiyo ujumbe huwekwa kwenye foleni, na wafanyakazi wa kompyuta huuchukua mmoja baada ya mwingine. Sarafu ilitumia kwa kazi hiyo zana mbili za wazi, Celery na Redis. Kompyuta moja ikizimika, ujumbe uliokuwa kwenye foleni hausahauliki, ila unasubiri mfanyakazi mwingine.

Tatu unatiwa saini na kupewa nambari ya mfululizo. Katika Ethereum na ndugu zake, kila akaunti huhesabu miamala yake kuanzia sifuri, bila kuruka hata mmoja. Ni kama kitabu cha risiti. Risiti ya 7 ikikwama, ya 8 na ya 9 haziwezi kutoka. Muamala unaweza kukwama kwa sababu ada yake ni ndogo, na ada hiyo kwa kawaida hulipwa kwa sarafu ya blokicheni yenyewe, ambayo mama mboga hana. Hivyo idara ya foleni inapaswa kuangalia kama akaunti ina ada, kuiongezea ikikosa, na kutuma upya muamala uliokwama kwa nambari ileile na ada kubwa zaidi. Ikitumia nambari mpya, huenda mama mboga akalipa mara mbili.

Nne, huduma inasoma daftari ili kuona kama muamala umeandikwa. Kazi hii inahitaji programu inayosoma vitalu kwa mpangilio na kukumbuka ilipoishia. Stima ikipotea usiku na kurudi alfajiri, programu hiyo haianzi mwanzo wala hairuki vitalu vya usiku, bali inaendelea pale ilipokomea. Ni baada ya hapo tu ndipo SMS ya mwisho hutumwa kwa wote wawili.

Maneno mawili yanayofanana

Katika safari hiyo yako majibu mawili ambayo mwananchi anaweza kuyaona kwenye simu. La kwanza ni kwamba ombi limepokelewa. La pili ni kwamba muamala umekamilika. Masikioni yanafanana, lakini tofauti yake ni pesa.

Ombi lililopokelewa ni lori lililofika langoni. Bado halijapimwa, na linaweza kurudishwa. Muamala uliokamilika ni mahindi yaliyo ndani ya ghala na stakabadhi imeandikwa. Mwenye posho mill akimpa mtu unga kwa sababu ya jibu la kwanza, ametoa mali kwa ahadi. Akingoja jibu la pili, lililokuja kwenye simu yake mwenyewe, ametoa mali kwa malipo. Jibu linaloonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi halitoshi, kwani SMS ya uongo huandikwa na yeyote mwenye vidole.

Kuna na upande wa mtumaji. Mtandao unapokatika baada ya kubonyeza tuma, mtu hajui kama ujumbe umefika. Wengi hutuma tena. Huduma nzuri imejengwa ikijua kwamba watu watafanya hivyo. Kila ombi hupewa alama yake tangu langoni, na ombi lenye alama ileile likija mara ya pili, huduma hujibu kwamba kazi hiyo tayari inafanywa. Huduma mbaya hulipa mara mbili, kisha humwambia mtu kwamba daftari halifutiki. Ni kweli halifutiki, na ndiyo maana kosa lazima lizuiwe kabla ya kufika huko. Pesa zilizokwenda mara mbili zitarudi tu ikiwa aliyezipokea atakubali kuzirudisha.

Kile ambacho daftari halikioni

Wanaouza blokicheni husema kwamba haihitaji kumwamini mtu. Mfano wa simu ya kubofya unaonyesha kwamba imani haikuondoka, imehama tu. Kwa kuwa simu hiyo haiwezi kutunza ufunguo wa siri, ufunguo ulitunzwa na huduma kwa niaba ya mtumiaji. Mtumiaji alikuwa na nambari ya siri tu. Mwenye kutunza ufunguo anaweza kutia saini, na daftari litaipokea saini hiyo kama halali. Kwa hiyo swali la zamani la chama, yaani nani ameshika ufunguo wa sanduku, bado liko palepale.

Jambo la pili, daftari hulinda kilichoandikwa. Haliwezi kujua kama kilichoandikwa ni kweli. Wakulima wa kaunti hii wanalijua hilo kwa uchungu. Tangu mwaka 2023 mbolea ya ruzuku imegawiwa kwa orodha ya wakulima waliosajiliwa na vocha zinazofika kwa SMS. Mwaka 2024 nchi iligundua kwamba mbolea bandia ilikuwa imeuzwa kupitia mpango wa ruzuku. Mkulima aliyeandikwa alikuwa mkulima wa kweli, vocha ilikuwa halali, na malipo yalifika. Kilichokuwa cha uongo kilikuwa ndani ya gunia, na shamba halingojei uchunguzi umalizike. Hata kama kumbukumbu zote hizo zingekuwa kwenye blokicheni, daftari lingesema kwa usahihi mkubwa kwamba mkulima amepokea mbolea. Kupima kilicho ndani ya gunia ni kazi ya mkaguzi na maabara, na hakuna programu itakayoifanya badala yao.

Jambo la tatu ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na zilizo za kupotosha au zisizohitajika zifutwe. Daftari lisilofutika halipatani na haki hiyo. Dawa yake ni ile ya idara zilizotengana. Jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu hukaa kwenye hazina ya kawaida inayoweza kurekebishwa, na kwenye blokicheni huandikwa anwani ya tarakimu na kiasi tu. Anayeweka vitambulisho vya watu moja kwa moja kwenye blokicheni ameandika kosa ambalo hataweza kulifuta.

Maswali ya kumwuliza mgeni

Mfumo wa namna hii unaweza kufaa kaunti kama hii. Chama kinaweza kutunza michango yake. Ushirika unaweza kuandika maziwa ya kila mwanachama kila asubuhi, na mwanachama akaona palepale kilichoandikwa. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019 inamruhusu mkulima aliyeweka mahindi kwenye ghala lililoidhinishwa kutumia stakabadhi yake kuomba mkopo, na stakabadhi hiyo inahitaji daftari ambalo hakuna anayeweza kulichezea. Lakini mtu akija Kibomet, Kitale mjini au kule Bungoma na programu mkononi, wananchi wana haki ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Aulizwe ufunguo unatunzwa na nani, na mtu akipoteza simu atarudishiwaje akaunti yake. Aulizwe ni nini kitatokea mwanachama akituma mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika, na aonyeshe jambo hilo papo hapo kwa kuzima simu katikati ya muamala. Aulizwe ujumbe upi unamaanisha kupokelewa na upi unamaanisha kukamilika, na kama maneno hayo yameandikwa kwa Kiswahili ambacho nyanya atakielewa. Aulizwe nani analipa ada ya daftari, na ikipanda nani ataibeba. Aulizwe kumbukumbu za watu zimehifadhiwa wapi. Mwisho aulizwe leseni yake.

Kuhusu leseni, Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi tangu Desemba 2015 kwamba sarafu za kidijitali kama Bitcoin si fedha halali za nchi na kwamba mtu akipoteza hana wa kumlinda. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria ya watoa huduma za mali pepe, inayowataka wanaofanya biashara hiyo wapewe leseni. Anayeahidi faida ya haraka na hana karatasi hiyo hastahili kupewa kikombe cha chai, seuze akiba ya chama.

Mtu mwenye huduma nzuri hatakasirishwa na maswali hayo. Mhandisi aliyejenga foleni yake vizuri hufurahi kuulizwa itakuwaje stima ikipotea, kwa sababu huko ndiko alikokesha akifanya kazi. Anayekasirika na kujibu kwa maneno makubwa amejibu tayari.

Kwa vijana wa Kibomet wanaosomea kompyuta, kazi iko hapa pia. Dunia ina watu wengi wanaojua kutengeneza sarafu mpya. Wachache ndio wanaojua kufanya ujumbe wa mama mboga, uliotumwa kwa simu ya kubofya siku ya soko huku mtandao ukiyumba, ufike mara moja tu, uandikwe mara moja tu, na umrudishie jibu la kweli. Kazi hiyo haitangazwi kwenye mabango, lakini chama kizima kinaitegemea. Misimbo ya Sarafu iliwekwa wazi, na kijana mwenye bidii anaweza kuisoma na kujifunza jinsi foleni ilivyopangwa.

Nanyi wenye maduka, wenye boda boda na wenye posho mill, mnaporudi kazini kesho, anzeni na jambo dogo. Simu ikilia, someni ujumbe mpaka mwisho kabla ya kutoa mali. Kupokelewa si kukamilika.